Altrasaundi kwa jeraha la figo: kichwa cha mashine kielekezwe kwenye figo au kwenye wengu?

Fundi_Vifaatiba

Wakuu, habari za kazi. Nina swali kwa wanaoijua figo na kwa wanaoyajua mawimbi ya sauti, maana hapa mambo hayo mawili yanakutana.

Kitengo chetu cha fiziotherapia kina mashine ya altrasaundi ya matibabu: MHz 1 na MHz 3, kichwa chenye eneo la sentimita za mraba 5, inapanda hadi wati 2 kwa sentimita ya mraba, na unaweza kuchagua mawimbi ya mfululizo au ya kukatakata kwa asilimia 20 au 50. Wagonjwa wameanza kuulizia "altrasaundi ya kutibu figo", na wapo wanaotaka wapitishiwe kichwa kiunoni kama anavyofanyiwa mwenye maumivu ya mgongo. Wakati huohuo wenzetu wa chuo wanataka kuiazima mashine hiyohiyo kwa jaribio la panya wenye majeraha ya figo.

Kwanza, kwa nini tafiti za altrasaundi ya figo zinazungumzia wengu (bandama) wakati kinachoumwa ni figo? Pili, mashine ya fiziotherapia inaweza kufanya kazi hiyo, au ni kifaa kingine kabisa? Tatu, nitahakikishaje kwamba namba inayoonekana kwenye kioo ndiyo nguvu inayotoka?

Dkt_Nefroni

Mkuu, swali lako la kwanza ndilo linaloamua mengine yote. Katika utafiti uliofungua njia hii, kazi ilifanywa na wengu.

Kikundi cha Mark Okusa na Joseph Gigliotti wa Chuo Kikuu cha Virginia kilichapisha mwaka 2013 matokeo ya panya waliopigwa altrasaundi saa 24 kabla ya mishipa ya damu ya figo kubanwa. Saa 24 baada ya damu kurudi, figo za panya hao zilikuwa na umbo na utendaji bora kuliko za wenzao waliofanyiwa kila kitu isipokuwa mawimbi yenyewe. Jeraha la kukata damu kisha kuirudisha linatumika sana kwa sababu linafanana na linaloipata figo mgonjwa anapopoteza damu nyingi, presha inaposhuka sana, au figo inapopandikizwa. Damu ikirudi, neutrofili na makrofaji, yaani seli nyeupe za ulinzi, huingia kwa wingi kwenye figo na kuongeza uharibifu. Kwa panya waliopata altrasaundi, seli hizo zilikuwa chache.

Kisha wakajaribu kuibomoa kinga hiyo ili wajue imetoka wapi. Wengu ulipoondolewa, kinga ikapotea. Kipokezi cha asetilikolini cha aina ya alfa-7 kilipozibwa, au panya alipozaliwa bila kipokezi hicho, ikapotea tena. Mwaka 2015 kikundi hicho kikaharibu neva za wengu kwa dawa ya 6-hidroksidopamini, na altrasaundi haikusaidia. Lililonishawishi zaidi ni hili: walichukua seli za wengu za panya waliopigwa altrasaundi wakawapa panya ambao hawajaguswa na mawimbi hata kidogo, na figo za waliopokea zikakingwa.

Njia yenyewe ilikuwa imeshachorwa kabla, hasa na kikundi cha Kevin Tracey kule New York. Neva ya wengu humwaga noradrenalini. Noradrenalini hushika kipokezi cha beta-2 kwenye kundi dogo la seli T zenye uwezo wa kutengeneza asetilikolini. Asetilikolini hiyo hushika kipokezi cha alfa-7 kwenye makrofaji, na makrofaji hupunguza kutoa TNF, kemikali inayochochea uvimbe mwilini. Kwa hiyo altrasaundi hapa haiponyi chujio wala mirija ya figo. Inaiamsha njia ya neva ambayo mwili unayo tayari, na damu inasambaza matokeo hadi kwenye figo. Ndiyo maana mwaka 2019 kikundi cha Chuo Kikuu cha Minnesota kiliweza kupunguza uvimbe wa viungo kwa panya wenye arthritisi kwa kupiga wengu, bila kugusa viungo vyenyewe.

Ila naomba kila msomaji ashike neno "kabla". Mawimbi yalipigwa saa 24 kabla ya jeraha. Hata kwenye modeli ya sepsisi (maambukizi makali yaliyosambaa mwilini) ya kutoboa utumbo mpana, altrasaundi ilitangulia kwa saa 24. Mgonjwa anayekuja kwako kupitishiwa kichwa kiunoni akiwa na kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) iliyokwishapanda hayumo kwenye majaribio hayo.

Kwa binadamu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalitumia mashine ya kupiga picha iliyorekebishwa, dakika 3 kwenye wengu wa watu wenye afya, ndani ya mipaka ya usalama inayoruhusiwa. Damu yao ilipochanganywa na endotoksini (sumu ya bakteria) maabara, ilitoa TNF pungufu kwa zaidi ya saa 2, na kufikia saa 24 ikawa imerudi ilikokuwa. Ni habari njema, ila hao ni watu wazima wenye figo nzima, na kilichopimwa ni damu kwenye chupa.

Hezi_na_Desibeli

Nijibu la pili, kwa hesabu.

Tishu laini hupunguza mawimbi kwa takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila MHz. Wengu wa panya mdogo uko milimita chache chini ya ngozi. Tuseme sentimita nusu, na probu (kichwa cha mashine ya picha) ya MHz 7: unapoteza desibeli 1.75, inafika asilimia 67. Probu hiyohiyo kwa mtu mzima ambaye wengu wake uko sentimita 4 ndani: unapoteza desibeli 14, inafika asilimia 4 tu. Kwa MHz 3 kwenye kina hichohicho inafika kama asilimia 25, na kwa MHz 1 asilimia 63. Kwa hiyo anayechukua mpangilio wa panya na kuuweka kwa binadamu bila kubadili masafa anapaka jeli tu. Na anayechukua mashine ya binadamu na kumwekea panya anakosea kwa upande wa pili: kichwa chako kina upana wa sentimita 2.5, kinafunika wengu, figo, utumbo na kipande cha pafu kwa pamoja. Hapo huwezi kusema ni kiungo gani kilichofanya kazi.

Sasa tofauti kubwa zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Mashine ya picha na mashine ya fiziotherapia hazitoi kichocheo cha aina moja. Fiziotherapia ikiwa wati 1 kwa sentimita ya mraba, shinikizo la wimbi ni karibu megapaskali 0.17. Probu ya picha ya MHz 7 ikionyesha MI (kielezo cha madhara ya shinikizo la mawimbi) ya 1.2, shinikizo hasi la kilele ni karibu megapaskali 3.2, kwa sababu MI ni shinikizo hilo likigawanywa kwa kipeuo cha pili cha masafa. Hiyo ni tofauti ya karibu mara 18. Probu ya picha inapiga mapigo mafupi mno yenye shinikizo kubwa na joto dogo. Fiziotherapia inapiga kwa muda mrefu, shinikizo dogo, joto jingi. Ukisema "nimetumia altrasaundi" bila kuandika shinikizo, masafa, urefu wa pigo, idadi ya mapigo kwa sekunde na muda wote, hakuna anayeweza kurudia ulichofanya.

Pia boriti, yaani mwali wa mawimbi unaotoka kwenye kichwa chako, hailingani katikati na pembeni. Kwa MHz 1 na nusu-kipenyo cha sentimita 1.26, eneo la karibu, yaani sehemu ya mwali iliyo jirani na kichwa, linaenda hadi sentimita 10 hivi. Kwa kina cha sentimita 4 bado uko ndani yake, ambako kuna madoa makali. Angalia kibao nyuma ya mashine, kuna namba ya BNR, yaani doa kali zaidi ni mara ngapi ya wastani. Ikiwa ni 5, basi unapoweka wati 1 kuna doa linalopokea hadi wati 5 kwa sentimita ya mraba. Ndiyo maana fiziotherapia hawakiachi kichwa kitulie sehemu moja. Lakini wengu hauzungukiki hivyo: uko kushoto chini ya mbavu ya 9 hadi ya 11, na kichwa kipana kitakuwa juu ya mfupa muda mwingi. Mfupa hunyonya mawimbi, utando wake unapata moto, mgonjwa anaruka. Probu ya sekta yenye uso mwembamba ndiyo inayopita katikati ya mbavu, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia, mkono wa kushoto juu ya kichwa, ametoa pumzi ili pafu lipande. Pafu likibaki njiani ni tatizo: mpaka wa hewa na tishu unarudisha karibu mawimbi yote, na kwenye wanyama shinikizo kubwa hapo limesababisha kuvuja damu.

Mipaka ya Marekani kwa mashine za picha ni miliwati 720 kwa sentimita ya mraba kwa wastani wa muda, na MI isizidi 1.9. Usivuke hapo kwa binadamu kwa hoja yoyote. Na kama mgonjwa amepewa dawa ya viputo kwa ajili ya picha, sahau kabisa: viputo pamoja na MI kubwa vimepasua kapilari za glomeruli (vichujio vya figo) kwenye panya. Utakuwa umeileta figo jeraha uliloahidi kulizuia.

Fundi_Vifaatiba

Asante sana. Kwa hiyo kibao kinasema BNR ni 5.5, na kitabu cha mashine kinaruhusu kosa la asilimia 20. Sina mizani maalumu ya altrasaundi. Kuna namna ya kupima kwa vifaa vya maabara ya kawaida?

Hezi_na_Desibeli

Ipo. Mawimbi yakinyonywa yanasukuma. Wati 1 ndani ya maji inasukuma kwa uzito wa kama miligramu 69, hivyo mizani ya maabara inayosoma miligramu 1 inatosha.

Chemsha maji dakika 15, yafunike, yaache yapoe bila kutikiswa. Hewa iliyoyeyuka ndiyo adui wa kwanza hapa, itatoa viputo kwenye uso wa kichwa na usomaji utayumba. Weka bika juu ya mizani, chini yake kipande cha raba nene yenye vijichongoka ili mawimbi yanyonywe yasirudi juu. Kichwa kishikwe na stendi iliyosimama nje ya mizani, kizame nusu sentimita tu, kiwe wima kabisa, na uso wake uwe sentimita 2 au 3 juu ya raba. Pangusa viputo kwa kidole. Rudisha mizani kwenye sifuri, washa sekunde 5, soma, zima, soma tena. Ukiacha iendelee kuwaka maji yanapata joto, yanazunguka, na namba inapanda yenyewe.

Pima kwenye mfululizo. Ukiweka wati 1 kwa sentimita ya mraba kwenye kichwa cha sentimita 5, zinatakiwa wati 5, yaani miligramu 345. Kwa kosa la asilimia 20 kubali kati ya 276 na 414. Nje ya hapo mashine ipelekwe kurekebishwa. Kwa mpangilio wa asilimia 20 tarajia moja ya tano ya hapo, na kama sivyo, shida iko kwenye saketi ya mapigo. Rudia kwa kila masafa, maana kichwa kinaweza kuwa sawa kwenye MHz 1 na kufa kwenye MHz 3.

Tone la maji juu ya kichwa kutazama likitetemeka linakuambia kichwa kiko hai. Halikuambii kinatoa kiasi gani.

Panya_na_Protokali

Kwa hao wa chuo: kwenye modeli hii ni rahisi mno kupata "kinga" ambayo haikuletwa na altrasaundi. Tazama uchapishaji wa 2015 wa kikundi cha Virginia. Dakika 24 za kubana mshipa walizihesabu kuwa jeraha dogo lisilofikia kizingiti, na dakika 26 kuwa jeraha la wastani. Dakika mbili tu zimebadilisha jina la jeraha. Kwenye modeli nyeti kiasi hicho, kila jambo dogo ni mshindani wa matibabu yako.

Joto ndilo la kwanza. Panya aliyelazwa usingizi anapoa haraka, na figo iliyopoa huvumilia kukosa damu. Ukimpaka jeli baridi ya altrasaundi tumboni umempoza zaidi, na pengine ni kundi lako la altrasaundi pekee lililopakwa. Pasha jeli hadi nyuzi 37, tumia mkeka wa joto, pima joto la ndani kupitia njia ya haja kubwa muda wote, na uliandike. La pili ni dawa ya usingizi. Isoflureni yenyewe inapunguza inflamesheni ya figo. Kundi la kulinganisha lazima lipate usingizi uleule, dakika zilezile, kunyolewa kulekule, jeli ileile na probu ileile iliyogusishwa mwilini ikiwa imezimwa. La tatu ni jinsia: figo za panya jike huvumilia jeraha hili kuliko za dume, kwa hiyo usichanganye bila kupanga.

Nyoa manyoya kisha malizia kwa krimu ya kuondolea nywele. Nywele zilizobaki zinashika hewa, na tabaka jembamba la hewa linatosha kurudisha karibu mawimbi yote. Hilo ndilo kosa linaloonekana sana: mashine inawaka, mnyama hapati kitu.

Ongeza kundi la panya walioondolewa wengu siku 7 kabla. Bila kundi hilo huwezi kusema kinga imepitia kwenye wengu. Ongeza na kundi linalopigwa sehemu nyingine ya mwili, mfano paja, kwa nguvu ileile.

Kreatinini ya panya isipimwe kwa njia ya Jaffe, ile ya kemikali inayobadili rangi. Damu ya panya ina vitu vingine vinavyotoa rangi ileile na vinafunika tofauti ndogo. Tumia njia ya kimeng'enya. Anayesoma slaidi za figo asijue mnyama ametoka kundi gani, na ahesabu kiasi cha mirija iliyokufa kwenye mpaka wa gamba na kiini, hapo ndipo jeraha hili linapouma zaidi.

Sista_Dayalisisi

Naomba niseme kuhusu wale wagonjwa wa kiunoni, maana ndio wanaosubiri leo.

Anayeambiwa figo imeumia ghafla anatambuliwa kwa vigezo vya KDIGO (shirika la kimataifa la miongozo ya figo) vya 2012: kreatinini kupanda angalau mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya ilivyokuwa ndani ya siku 7, au mkojo kuwa chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa kwa muda wa saa 6. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 180 kwa saa 6, hilo tayari ni tatizo. Huyo akipotezewa wiki mbili akipitishiwa kichwa mgongoni, potasiamu inaweza kumuua.

Altrasaundi anayoihitaji ni ile ya picha, na anaihitaji mapema. Kama figo zote zimetanuka kwa mkojo kuna kizuizi, na mpira wa mkojo au upasuaji mdogo unaweza kumaliza kazi. Figo zenye urefu chini ya sentimita 9 na gamba linalong'aa zinaelekeza kwenye ugonjwa wa muda mrefu. Sambamba na hilo: simamisha diklofenaki na jamii yake, kagua dozi ya jentamaisini, uliza dawa za kienyeji bila kumkaripia mtu ili aseme ukweli, rudisha maji kama amepungukiwa, tibu malaria au sepsisi. Potasiamu isiyoshuka kwa dawa, maji kwenye mapafu, asidi kali ya damu, au kuchanganyikiwa kwa sababu ya urea, huyo ni wa dayalisisi siku hiyohiyo.

Kwa mazingira yetu jeraha la figo mara nyingi linakuja na mgonjwa mlangoni: mama aliyetoka damu baada ya kujifungua, mtoto wa malaria kali, mtu wa kuhara. Ile saa 24 ya kabla haipo. Ndiyo maana nikisikia kinga hii nawafikiria watu wengine kabisa: wanaopangiwa upasuaji wa moyo, kama pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wanaopangiwa sisplatini (dawa ya saratani), na upandikizaji wa figo ambao Muhimbili ilianza mwaka 2017. Kwao tarehe inajulikana.

Dkt_Nefroni

Sista amegusa penyewe. Niongeze jambo ambalo watafiti wa huku wanapaswa kulibeba, kwa sababu panya wa Virginia hawawezi kuwakumbusha.

Kinga hii inahitaji wengu ulio hai. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na wengi wao wengu hufa na kusinyaa tangu utotoni. Hao ni wagonjwa ambao figo zao huumia sana, tena ndio ambao njia hii inaweza isiwafae kabisa. Upande wa pili kuna wengu uliovimba kwa malaria ya kurudiarudia au kwa kichocho cha matumbo, kama kanda ya Ziwa Victoria. Wengu mkubwa na laini hupasuka kirahisi, na probu haikandamizwi juu yake. Wenye kichocho kilichopandisha presha ya mshipa wa ini mara nyingi wanatumia propranololi, ambayo inaziba beta-2, kituo kilekile ambacho noradrenalini inapita. Kwa mantiki ya njia yenyewe, dawa hiyo inaweza kuifuta kinga yote. Kwa hiyo fomu ya kuchagua washiriki iulize selimundu, iulize beta-bloka, na kila mshiriki apigwe picha ya wengu kwanza: urefu, kina kutoka kwenye ngozi, na kama pafu linaufunika.

Fundi_Vifaatiba

Nimeelewa. Mashine ya fiziotherapia itabaki kwenye misuli. Kwa jaribio la panya tutaazima mashine ya picha yenye probu ya masafa ya juu. Swali la mwisho: kwa kuwa mashine ya picha imeshaidhinishwa, tukitaka baadaye kujaribu kwa binadamu bado tunahitaji kibali?

Hezi_na_Desibeli

Ndiyo. Imeidhinishwa kwa kupiga picha. Ukiipiga kwenye wengu ili kubadili kinga ya mwili umebadili matumizi, hata kama MI na miliwati ni zilezile. Unahitaji kibali cha maadili kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa upande wa kifaa. Kwenye maombi ambatanisha vipimo vya haidrofoni (kipaza sauti cha majini) vya probu hiyohiyo kwa mpangilio huohuo. Namba za kwenye kioo ni makadirio ya mtengenezaji.

Dkt_Nefroni

Na kwenye ratiba ya damu weka sampuli kabla ya kupiga, saa 1, saa 2 na saa 24. Mkichukua ya saa 24 peke yake, TNF itakuwa imesharudi na mtaandika kwamba hakuna kilichotokea. Damu iwekwe kwenye endotoksini ndani ya muda uleule kwa kila mshiriki. Chupa iliyokaa nusu saa na iliyokaa saa tatu mezani hazilinganishwi.

Panya_na_Protokali

Na damu zote zichukuliwe asubuhi, saa ileile, siku zote. TNF na kortisoli hupanda na kushuka kwa saa za mwili.